Turubai Likikunjwa, Mama Lukresia Ndipo Anapofika

Jua bado halijapanda juu ya mabati ya soko la Somanda, mjini Bariadi, na Lukresia Mahona ameshapanga mafungu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo Msukuma hanywi uji bila kuvikumbuka. Simu inaita. Anaibana kwa bega huku akimpimia mteja. Ghafla kopo linamponyoka, michembe inatapakaa mpaka kwa jirani anayeuza dagaa.

Anaomba aliyepiga arudie. Anasikiliza, anacheka, anafuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha anacheka tena. "Mabaka ameachia maziwa," anawatangazia wenzake, na furaha yake ni ya mtu ambaye timu yake imefunga bao la dakika za nyongeza.

Muuza dagaa anauliza Mabaka ni nani. Ni ng'ombe, anajibiwa. Ng'ombe! Na kwa sababu ya ng'ombe wa watu, mama wa miaka hamsini na mitatu anafunika biashara yake asubuhi ya Jumamosi, anaita bodaboda na kuelekea Dutwa. Mwandishi anadandia nyuma yake, maana jambo lenyewe si la kuhadithiwa.

Lukresia ni mhudumu wa wafiwa wa parokia yake. Hana mshahara, kanisa humsaidia nauli likiweza. Kazi yake huanza pale ya wengine inapoishia, yaani siku tanga likishaondolewa na waombolezaji wakatawanyika.

Aliijua siku hiyo kwa kuipitia. Alipomzika binti yake Gloria, nyumba ilijaa watu kwa siku kadhaa. "Wakakunja turubai, wakarudisha masufuria ya kuazima, nikabaki na kuku," anasimulia. "Pale ndipo mtoto wangu alipokufa hasa."

Baadaye alikwenda semina ya makanisa kuhusu huzuni na afya ya akili. Huko alijifunza kuacha kuwaambia watu wasilie. Kingine alikibuni mwenyewe: humwendea mfiwa na kisu pamoja na kapu la viazi, wakakaa chini wakakata michembe. Anasema mikono ikipata kazi, mdomo nao hufunguka.

Kwa akina mama njia hiyo haijawahi kumwangusha. Kwa Bundala wa Dutwa, mfugaji aliyefiwa na mkewe Kwandu mwezi Februari, ilimtupa chali. Mwanamume wa Kisukuma, tena mwenye zizi, unampelekea kisu akate michembe! Bundala alitazama kapu, akamtazama mgeni, akauliza kama amekuja kumwoza kama mwali. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

"Nilirudi nyumbani na viazi vyangu," Lukresia anasema, akicheka huku pikipiki ikiruka tuta. "Nikamwambia Mungu, kazi hii umempa mtu mjinga."

Hali kwa Bundala ilikuwa mbaya. Hakulala, hakula. Mila inataka nguo za marehemu zigawiwe ndugu msiba unapoisha, lakini yeye alizifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akaufunga kiunoni. Shemeji yake Specioza, dada wa Kwandu, aliondoka kwa hasira.

Tena kulikuwa na Mabaka, ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa na Kwandu peke yake. Tangu mazishi alimpiga mateke kila aliyemsogelea na kuyabana maziwa yake. Wengine ukooni walisema ni mzimu wa marehemu. Mayige, mdogo wake Bundala, akaamua: Jumatatu ng'ombe anapelekwa mnadani.

Lukresia aliporudi Dutwa hakubeba kapu wala kisu. Alisimama kwenye ua wa zizi akauliza habari za ng'ombe. Bundala, aliyekuwa hazungumzi na mtu, akaanza na ndama, akaja kwa fahali, akafika kwa Mabaka. Lukresia akasema tu kwamba huyo naye amefiwa.

Bundala alilia mbele ya mifugo yake. Kisha akasema Mabaka akiondoka, naye ataondoka. Lukresia alimuuliza waziwazi kama anawaza kujiua. Akajibu ndiyo. Siku hiyohiyo mama huyu akampandisha pikipiki hadi hospitali, kwa muuguzi wa afya ya akili, akakaa naye benchi moja mpaka alipohudumiwa. "Kuomba tunaomba," anasema. "Na daktari naye Mungu amemuumba."

Bundala akaanza kulala. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja.

Tunapofika Dutwa, Joyness, binti mkubwa wa Bundala aliyepiga simu, anatupokea njiani na kusimulia yote kwa pumzi moja. Alfajiri baba yake alifungua sanduku. Akatoa kitenge cha rangi ya machungwa ambacho Kwandu alikivaa kila akienda kukamua, akajifunga, akaingia zizini. Mabaka akanusa. Akanusa tena. Akatulia.

Na huyu hapa Bundala mwenyewe, mtu mzima, ndevu zake na kitenge cha marehemu kiunoni, hana habari na majirani wanaochungulia. Mayige ameegemea ua, haongelei tena mnada.

"Mwangaluka, mayu," Bundala anamwamkia Lukresia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi mama, akimpa kikombe cha maziwa yenye povu. "Nilipofungua sanduku nilidhani nitakufa. Harufu yake ilinipiga hapa." Anajigusa kifua. "Sikufa."

Lukresia anakunywa mpaka mwisho, povu likimbaki mdomoni. Raha iliyoje! Bundala anaeleza kwamba amemwita Specioza aje na ndugu zake wagawane nguo. Zote, isipokuwa kitenge hicho. Bila shaka hata Mabaka asingekubali.

Lukresia naye ana lake moyoni. Anataka wanaume waliofiwa wawe na wenzao wa kuwatembelea mazizini, na anajua pa kuanzia. Nyalikungu, Maswa, kuna mfugaji aitwaye Shigela aliyemzika mkewe mwezi uliopita, na haongei na mtu. Anamwomba Bundala wafuatane.

Bundala anakuna kichwa. Anasema yeye hata kanisani alikuwa akienda kwa kusukumwa na Kwandu, na maombi ya mbele za watu hayajui. "Nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu," Lukresia anamjibu. "Muulize habari za ng'ombe wake."

Bundala anamgeukia Mabaka, anampapasa shingo, anakaza fundo la kitenge.

"Basi twende kesho," anasema. "Ila nikishamkamua huyu."