Tungule za Kopo

Mume wangu alikuwa akipika nje, uani, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu, na hilo ndilo lililoanza kuleta maneno. Wanaume wa kwetu Likoni hupika, sikatai. Kukiwa na harusi au hitima wao ndio wanaokoroga masufuria makubwa na kutufokea sisi wanawake tusisogee. Lakini hiyo ni shughuli. Mwanamume atoke msikitini siku ya Ijumaa, avue kanzu, ajifunge kikoi, akae juu ya mbuzi akune nazi, ilhali mkewe yupo, mzima, hata mafua hana? Mimi mwenyewe nilimtazama nikasema moyoni, huyu ana jambo.

Kazi yake ilikuwa upishi wa kambini. Huko Mwakirunge, mbele ya Kisauni, walikuwako Wazungu wawili na vibarua wao wakitoboa ardhi mashimo membamba, wakitafuta sijui nini, na wote wakilala mahemani. Yeye ndiye aliyewapikia. Jiko hakuwa nalo. Alikuwa na mafiga matatu, kuni na upepo. Ijumaa moja alikuja, Ijumaa moja hakuja. Na kila alipokuja alitaka kunionyesha aliyojifunza.

Na alijifunza, wallahi. Sitaki kumdhulumu marehemu. Alikuwa akipasua kijiti cha kuti, akambana tafi katikati, akamsimamisha kando ya moto wa makumbi ya nazi, si juu yake. Alisema samaki asiuone moto, auhisi tu. Kisha alimpaka tui zito lenye ukwaju na pilipili kwa kipande cha kumbi, upande huu na upande huu, mpaka harufu ikavuka ua na kuingia nyumba za watu. Muhogo aliuzika kwenye majivu na maganda yake, ukitoka ni mweupe pe, unapukutika. Mkate aliupika ndani ya sufuria, makaa chini kidogo na makaa juu ya kifuniko. Mimi nilikuwa sijapata kuona mkate unaopikwa kwa kubebeshwa moto kichwani.

Aliniambia siku moja kwamba kule kambini hakuwatazama Wazungu wale usoni, maana nyuso zao hazisemi kitu. Alitazama koo. Koo likishuka, kazi ipo kesho. Nikacheka, nikasahau. Ningekuwa na akili ningelishika neno lile.

Sasa njoo kwenye mchuzi.

Ilikuwa majira ambayo tungule, nyanya kama wasemavyo wa bara, hazipatikani. Ungezunguka soko zima ukaambulia mbili zilizooza, na muuzaji akakutolea jicho kama unamwibia. Mume wangu akapika mchuzi mwekundu, mzito, wa kung'aa. Nikamuuliza tungule kazitoa wapi. Akaniinulia kopo. Kopo la bati, halina karatasi, halina picha, halina hata herufi moja. Alikuwa ameshalitoboa kwa kisu, na ndani mlikuwa na kitu chekundu kimegandamana.

“Ni tungule,” akasema. “Wazungu huzitia koponi.”

“Na karatasi yake?”

“Imebanduka. Hema lilivuja.”

Hema lilivuja! Nami nilikuwa na mimba changa, na mwenye mimba hali kitu asichokijua. Nikatia tonge mdomoni, nikaliweka shavuni, nikajifanya natafuna. Alipoinama kuchochea moto nikalitema kiganjani, nikawarushia kuku.

Jirani yangu wa ua kwa ua alikuwa ameona kopo. Mwanamke yule macho yake hayakujua kizuizi. Kesho yake akaniita penye tundu la ua.

“Shoga, jana mlikula nini chekundu vile?”

“Tungule.”

“Tungule za wapi, msimu huu?”

Nikasingizia chungu kinafurika, nikaondoka. Na mjue, mwanamke huyo alikuwa na sababu yake. Kaka yake, mpakia malori wa Changamwe, alikuwa ameaga kwamba anakwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya mawe ya Mwakirunge. Alikwenda, kimya. Hakuna salamu, hakuna mtu aliyemwona. Na katika mji wetu mtu akipotea namna hiyo jina lilikuwa moja tu: mumiani. Mumiani ndio wale waliosemwa kuwa wanakamata watu, wanawatoa damu, na damu hiyo inakwenda kutengenezwa dawa ya wakubwa. Mimi nimelelewa kwa kutishwa nao, na mama yangu kabla yangu.

Basi hesabu ikawa rahisi mno. Wazungu wanaochimba mashimo porini. Mtu kapotea upande huohuo. Na mpishi wao anarudi nyumbani na kopo lisilo na jina lenye kitu chekundu ndani.

Utacheka wewe, umezaliwa na redio. Sisi siku zile tulishuku kila kitu. Uhuru ulikuwa njiani, na hata kwenye baraza moja watu waliketi kwa kutegana, huyu anataka Mwambao ujitenge na bara, yule hataki, huyu anapeleka maneno kwa nani. Mtu mliyecheza naye utotoni ukampima kabla ya kumjibu salamu. Kwa nini nisimshuku mume niliyemwona Ijumaa moja na kumkosa Ijumaa ya pili?

Nikapekua mkoba wake. Nikakuta vichupa vitatu vya kioo, na ndani yake kuna utando mwekundu. Moyo ukanipasuka paa! Nilimwonyesha palepale.

“Udongo huo wa mashimoni,” akasema. “Vichupa nimekuletea utie mafuta ya nywele.”

“Udongo unatiwa chupani?”

“Wazungu hutia kila kitu chupani. Vioshe tu.”

Nilivizika nyuma ya choo. Mchuzi uliofuata nikampa paka kwanza. Paka akala, akajilamba, akalala juani. Nikamtazama nikasema, paka naye ni mnafiki, hula chochote. Nikaendelea kuwapa kuku. Mimba ikakua, kuku wakakua, na mimi nikawa nakula viazi vyangu vya kuchemsha mchana yeye akiwa amelala.

Uchungu wenyewe ulikuwa kwenye sahani. Desturi yetu, ukipika kizuri unamfunikia jirani sahani, naye hairudishi vivi hivi. Atatia maembe, au kipande cha mkate, au hata chumvi. Mume wangu alikuwa mkarimu. Kila Ijumaa aliyokuja alinituma na sahani kwenye nyumba nne. Zikaanza kurudi zimeoshwa, zinang'aa, hazina kitu. Kisha nikakiona chakula chenyewe kimemwagwa migombani, nzi wanakishangilia. Sikumwambia. Nilizichukua sahani zile, nikatia maembe yangu mwenyewe, nikaingia nayo nyumbani nikisema, “Wanashukuru sana.” Nilimwonea huruma, na papo hapo nilimwogopa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwangu bila kugombana.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Siku arobaini zilipokaribia kutimia, mavyaa wangu, mamake mume wangu, akaja. Alikuwa mama mzito wa maneno. Akikohoa, nyumba husikiliza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akala tende alizokuja nazo mwenyewe ndani ya leso. Nikajua na yeye yamemfikia.

“Mume wako amekataa kuacha kazi,” akaniambia. “Anasema haachi riziki kwa maneno ya uani. Na anataka kuipika mwenyewe karamu ya arobaini. Sasa sikiliza, mwanangu. Watu wakila, yamekwisha. Chakula kikirudi, mimi simwachi mwanangu aishi mahali wanapomwita mnywa damu. Nitamhamishia kwa ndugu zangu huko Msambweni, na wewe utachukua mtoto wako urudi kwenu mpaka tuone.”

“Mpaka tuone” ya mavyaa naijua mimi. Wapo walioambiwa hivyo wakazeeka kwao wakiona.

Usiku na mchana nikawaza nyumba yangu, ua wangu, mwanangu atakayekua akiulizwa baba yako yuko wapi. Nikamsihi mume wangu, “Kwa Mungu, karamu hiyo pika wali na nyama ya tui jeupe. Usitie ile.” Akaniuliza ile gani. Nikasema ile nyekundu. Akanitazama kitambo kirefu kuliko nilivyopenda.

“Nikiificha leo,” akasema, “itakuwa kweli ilikuwa ya kufichwa.”

Ilikuwa Jumanne. Mbuzi alichinjwa mbele ya kila mtu na mwalimu wa chuo cha Kurani, ili lisije likazuka jingine. Wanaume wakaketi barazani nje, sisi wanawake tukajaa uani juu ya mikeka, na kule mwisho wa ua yeye alikuwa na moto wake. Wali wa nazi katika sufuria moja, nyama katika ya pili, bizari na vitunguu vikinukia mpaka mate yakaniponyoka. Halafu, bila aibu, akalichukua kopo lisilo na karatasi, akasimama wima, akalitoboa kwa kisu huku sote tunamwona. Kikamiminika kile kitu. Ukasikika moto tu.

Sinia zikaletwa. Mchuzi juu ya wali mweupe, mwekundu kama nini. Nikasema, “Haya, karibuni, bismillahi.”

Hakuna mkono ulionyanyuka.

“Ahsante, mimi nimeshiba,” akasema wa kwanza.

“Mimi tumbo langu tangu jana.”

“Mimi meno.”

Jirani yangu akavuta leso yake mpaka kidevuni. “Mimi nimefunga,” akasema.

Saumu ya Jumanne! Jumatatu tunaijua, Alhamisi tunaijua. Saumu ya Jumanne sijui aliifunga kwa dini gani. Lakini nilipomtazama niliona macho yake yamejaa machozi, na nikafahamu anachokiona kwenye sinia ile. Anamwona kaka yake. Kwa machozi sikumlaumu, na silaumu mpaka leo.

Nikamtazama mavyaa. Ametulia, anahesabu tasbihi, anangoja. Nikamtazama mume wangu. Amesimama na upawa mkononi, jasho linamtiririka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesomewa hukumu. Hakumtazama mwingine yeyote. Alinitazama mimi.

Watu husema nilikula kwa kumwamini mume wangu. Uongo. Nilikula kwa hasira. Nilikasirika na leso zao, na meno yao, na matumbo yao ya tangu jana. Nilikasirika kwamba mwanangu amepata siku arobaini tu duniani na tayari kuna watu wanaona kinyaa chakula chake. Nikampakata kushoto, nikamega tonge kwa mkono wa kulia, nikalichovya kwenye wekundu wenyewe, pale palipo pazito, nikalitia mdomoni.

Na sikuliweka shavuni.

Ilikuwa tungule. Jamani, ilikuwa tungule! Tamu kidogo, chachu kidogo, ina moshi, ina ndimu, na pilipili iliyochelewa ikaja nyuma ikanishika puani. Nikamega la pili. Nikajikuta nakula kwa pupa kama mtu aliyetoka safari, mchuzi unanitiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, mtoto ananitazama.

“Shoga,” nikasema nimejaza mdomo, “wenye saumu ya Jumanne wasogee, wenye njaa tupate nafasi.”

Mmoja akacheka, akashindwa kujizuia. Ndipo mavyaa akaweka tasbihi chini, akakunja mkono wa buibui, akanawa. Akala tonge moja, akatulia. Akala la pili. “Chumvi imepungua,” akasema, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote niliyopata kumsikia akiitoa. Mikono ikashuka. Mwenye meno akala, mwenye tumbo akala na akaomba ukoko, tukamwambia angoje. Jirani yangu hakula. Aliondoka mapema, nikamwacha aende.

Kaka yake alirudi miezi baadaye, kanona, kutoka Tanga, ana mke mpya na redio. Hakuna aliyetuomba radhi, msidhani. Ila Ijumaa moja sahani yangu iliyokaa kwa jirani siku nyingi ilirudi ikiwa na vitumbua, vya moto, vimefunikwa kwa kitambaa. Nilivinusa kwanza, kisha nikavila.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ya arobaini, alasiri, wageni walipokwisha kwenda, nilimkuta mume wangu amechuchumaa anauzika moto kwa mchanga. Majivu yamempaka hadi kwenye nyusi. Hakuinua kichwa.

“Leo umemeza,” akasema.

“Ala! Kwani siku zote nilikuwa nikifanya nini?”

“Ukilisha kuku.” Akawaonyesha kwa upawa, wamekusanyika wote penye mlango wa jikoni kama wenye deni letu. “Watazame, mashallah. Jogoo hawezi tena kuruka ua.”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza, ikiwa alijua, mbona alizidi kupika, na kuni zile, na nazi zile, na jua lile la kumpasua mtu kichwa.

“Nilisema iko siku utakuja na njaa.”

Nikalia. Nililia kwa sauti, na kama jirani yangu alikuwa penye tundu la ua basi alisikia vizuri. Kisha nikakumbuka kwamba mume wangu mwenyewe, tangu alfajiri, hakutia kitu mdomoni. Chini ya sufuria ulikuwa umebaki ukoko. Yule wa tumbo alikwenda zake bila kuungoja. Nikaukwangua wote, nikaumwagia mchuzi uliobaki, nikaketi pale chini kwenye majivu. Tukala pamoja sahani moja, mimi na yeye, na kuku wakatuzunguka wakingoja fungu lao. Siku hiyo hawakupata.