Foleni ya Kandambili

Muuguzi yule watu walimwita Sindano, na jina hilo hakupewa bure. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto alichomwa zahanatini akaenda kulia nyumbani, mama yake akadhani kaumwa na siafu. Mtaa mzima haukuwa na tako asilolifahamu, la fukara wala la mwenye cheo, ndiyo maana wakubwa walimsalimu kwa adabu huku wameegemea ukuta.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia akae bure, umemfunga kuku miguu. Mgomo ulipoanza, wauguzi walitandika mikeka nje ya lango la zahanati, wakabakiza ndani zamu ya wajawazito na mahututi tu. Walidai mshahara, maana waliokuwa nao ulikuwa ukipanda kwa maneno tu, na walidai pensheni. Sindano alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na sura ya hiyo pensheni aliiona kila asubuhi akinywa chai. Mumewe alikuwa msoma mita za maji, kastaafu zamani. Kila wiki huvaa viatu, huenda ofisi ya mafao, huambiwa njoo kesho, hurudi. Soli zililika hadi akikanyaga sarafu anakuambia imelala upande gani.

Akirudi kutoka mikekani Sindano hatulii. Alifagia ua mpaka watu wakauliza kama anachimba kisima. Alimpima mumewe joto akiamka, akila, akicheka.

"Mke wangu," mzee akamwambia, "kagomee huko langoni, si kwenye kwapa langu."

Mzaha ule haukumtuliza, kwa kuwa kilichomla moyo kilikuwa ng'ambo ya ukuta. Yeye na jirani yake, mama mmoja fundi cherehani, waliazimana chumvi miaka nenda miaka rudi. Sasa mjukuu wa fundi kapitwa na chanjo, na fundi hasalimu. Alizungumza na cherehani yake kwa sauti ya kuvuka ukuta, kwamba wengine wana bahati, wakigoma hukalia mikeka; yeye akigoma nani atajua, labda nzi? Sindano naye alijibu kwa sufuria, akaisugua mpaka ikalia. Bombani wanawake walinyamaza akifika. Afadhali wangemtukana. Na katibu wa chama chao alishawaonya: siku wananchi watakapowachoka, mgomo umekufa, wakubwa wanangoja hiyo tu.

Ikafika siku ya kliniki ya watoto. Zahanati ile ina desturi yake: anayewahi huvua kandambili zake akaziweka kwenye foleni, mwenyewe akaenda kivulini na mtoto. Kandambili zile ni mtu. Aliyewahi kuzisogeza alivimba miguu hadi akavaa ndoo badala ya viatu, na waliomwona wapo. Basi wanawake wakaja vilevile, nusu kwa mazoea, nusu kwa hasira, wakazipanga langoni.

Sindano alipoziona, viganja vilimwasha. Kabla kichwa hakijapata habari, miguu ilishainuka mkekani, mkono ukanyanyua jozi ya mbele, mdomo ukaita kama siku zote:

"Wa kwanza!"

Mikeka yote ikageuka kumtazama. Katibu akavua miwani. Nyuma mtu alinong'ona kwamba kumbe wamefuga msaliti. Kutoka kivulini akaja mwenye kandambili, mjukuu mgongoni: fundi cherehani.

"Mkono umenitoroka, jirani," Sindano akasema. "Leo sipimi mtoto."

"Sasa uliniitia nini?"

Bango la chama lilikuwa na maneno mengi mazuri, lakini hata moja halikumjia. Lilimjia la nyumbani.

"Wewe hapa unangoja, lakini mwisho nakuita. Mzee wangu yuko kwenye foleni tangu unamshonea mwanao sare ya shule, na kule hakuna wa kunyanyua kiatu chake akasema wa kwanza. Mwakani ni zamu yangu."

Fundi akamweka sawa mjukuu mgongoni. Kola ya shati la mzee yule alishaigeuza mara mbili, akidhani ni ubahili tu. Akaitazama mikono ya Sindano, inavyozing'ang'ania kandambili kwa uchu wa kazi.

"Rudisha chini hizo," akasema.

Sindano akazirudisha. Fundi hakuzivaa.

"Zitangoja hapo mpaka mlipwe. Anayeniona nina wazimu aniambie tukiwa njiani, jua linaniunguza nyayo."

Akaondoka peku. Mwingine akamfuata, na mwingine, waliosikia mtaani wakaja kuongeza zao, na jua lilipofika utosini foleni ya kandambili ilikuwa imepinda kona ikielekea ofisi za wakubwa, na njiani wanawake walirukaruka kama panzi. Bwana mkubwa wa ofisi hizo aliambiwa ni foleni ya wananchi wenye hasira na wauguzi, akaja na gari kuwasikiliza. Dereva akaikuta imeziba barabara, akazima injini, maana kandambili ni mtu, na jozi ya tatu toka mkiani ilikuwa ya mama yake mzazi. Aliujua mkanda uliofungwa waya. Bwana mkubwa akashuka, akatembea pembeni kwa ncha za vidole. Alipokaribia lango akakuta viatu vya kiume visivyo na soli, ardhi inaonekana chini yake. Akauliza ni vya nani.

"Vya yule mnayemwambia njoo kesho," wakamjibu waliokuwa mikekani.

Jioni waliahidiwa kikao. Kikao si pensheni, na Sindano alilijua hilo. Alirudi nyumbani akashika ufagio. Ng'ambo ya ukuta fundi alikuwa akichechemea na mwiba. Sindano akaja na pini.

"Si mmegoma?"

"Tumegoma zahanatini. Huu ni ukuta."

Fundi akaukabidhi mguu, akafumba macho. "Haya, toa basi."

"Nimeshatoa. Lete na wa pili."

"Wa pili hauna kitu."

"Lete tu."

Fundi akauleta.