Namba Yangu Kwenye Tanzia

Nilimpigia simu Bi Saliha saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, ili nimwombe kazi.

Kabla sijatamka hata salamu, nilisikia ukelele. Kisha kishindo cha kiti. Kisha sauti ya mwanamume: "Mpepeeni! Leteni maji!"

Simu ikakatika.

Nilikuwa nimesimama wima sebuleni, shati limepigwa pasi, kana kwamba ananiona. Sikuwa nimesema neno hata moja.

Tukio hili nitalieleza kwa utaratibu. Mimi ni mwalimu, na jambo lisiloelezwa kwa utaratibu humfanya asiye na kosa aonekane mkosaji.

Jina langu ni Mung'aro. Kwetu ni Kaloleni, lakini nimefundisha Kiswahili kwa miaka kumi na mmoja katika shule ndogo ya kibinafsi huku Bondeni, kisiwani. Mwezi wa Septemba mwenye shule alituita walimu wote sita, akatuarifu kwamba kiwanja kimeuzwa na shule itafungwa muhula ukiisha.

Alilia mbele yetu. Ikawa sisi ndio wa kumbembeleza.

Kama nisingepata shule nyingine kufikia Januari, ingetubidi tuhame kisiwa turudi Kaloleni. Mke wangu Mirriam ana cherehani yake na wateja wake hapa mtaani, watu aliowapata mmoja mmoja kwa miaka minane. Hakuniambia kwamba hataki kwenda. Aliacha tu kuuzungumzia mwaka ujao.

Basi nikaandika barua. Barua kumi na tisa, na zote nilizipeleka kwa mkono wangu. Kwa Bi Saliha, mkuu wa shule kubwa kule Kizingo, nilikwenda mara nne. Mara zote nne bawabu aliipokea bahasha kwa adabu, akaniambia, "Mwalimu, wewe nenda tu. Utapigiwa."

Sikupigiwa.

Mwenzangu shuleni, Dancan, ndiye aliyenifumbua macho. Au niseme ndiye aliyenitia kitanzini.

"Mung'aro, wewe una makaratasi, huna watu," aliniambia. "Mji huu kazi haitafutwi kwa barua. Hakikisha namba yako imo kwenye simu za watu wazito mia moja. Mia moja tu! Halafu kaa, uone."

Nikanunua daftari. Nikalipiga mistari kwa rula: jina, kazi, mahali, tulivyokutana, hatua inayofuata. Nikaenda mtaa wa Ndia Kuu kwa rafiki yangu Shahid, mwenye duka la kuchapisha, akanitengenezea kadi mia moja zenye jina langu, kazi yangu na namba yangu.

Mwezi mzima sikukosa mkutano. Palipokuwa na semina, nilikuwapo. Palipokuwa na uzinduzi wa chochote, nilikuwapo, tena mstari wa mbele.

Nilichogundua ni kwamba kila mtu mzito wa mji huu ana swali moja tu.

"Wewe ni wa nani?"

Si "wafanya kazi gani". Ni "wa nani". Nami wa Kaloleni nilikuwa sina wa kumtaja. Nikitoa kadi, inapokelewa kwa tabasamu. Mzee mmoja nilimwona akiitumia kushikia sambusa, isimtie mafuta vidoleni.

Mwisho wa mwezi daftari lilikuwa na majina kumi na mawili. Matatu yalikuwa ya mawakala wa bima waliokuwa wakinitafuta mimi.

Ndipo Mzee Gaffar alipofariki.

Mzee Gaffar alikuwa babake Shahid. Alifundisha hesabu hapa mjini kwa miaka arobaini. Mawakili, madaktari, wenye maduka makubwa, wote waliionja rula yake. Alifariki alfajiri ya Jumamosi, na mazishi yakawa ni baada ya adhuhuri siku hiyohiyo.

Nilipofika nyumbani kwao saa moja asubuhi, Shahid alikuwa ameketi ngazini, simu mkononi.

"Mung'aro ndugu yangu, tanzia yataka kutoka sasa hivi. Na nyumba yetu waijua, vichochoro mpaka mtu azame. Watu watapiga simu kuuliza njia, na mimi siwezi. Mtu akinambia pole, sauti yakatika. Niweke namba yako?"

Hapa nitasema kweli, ijapokuwa yaniaibisha. Jambo la kwanza lililonijia moyoni halikuwa huruma. Lilikuwa daftari.

"Weka," nikamwambia.

Tanzia ikatoka. Chini kabisa iliandikwa: kwa maelekezo, piga nambari hii. Nambari ilikaa peke yake bila jina. Sikuona kwamba hilo lina uzito wowote.

Haikupita robo saa, simu ikalia.

"Assalaam aleikum. Hapo ni msibani?"

"Waaleikumu salaam. Ndiyo, ni msibani. Umefika wapi, bwana?"

"Nshafika penye wauza vinyago. Sasa nipite wapi?"

"Ingia kushoto, hesabu milango mitatu, utaona mlango wa nakshi."

"Hapa milango yote ni ya nakshi, bwana!"

Nikamfuata mwenyewe. Nikarudi, nikampokea mwingine, na wengine nikawaelekeza kwa simu. Daktari wa moyo. Mawakili watatu. Mwenye kampuni ya kupakua mizigo bandarini. Kila mmoja nilimuuliza jina na kazi yake kwa upole, nikidai ni kwa ajili ya kumbukumbu za wafiwa, kisha nikamwandika. Kwenye mstari wa hatua inayofuata niliandika: kukumbushwa baada ya hitima.

Kabla ya adhuhuri walikuwa themanini na saba.

Wa themanini na nane alikuwa Bi Saliha.

"Mimi ni Saliha, mwanafunzi wake wa zamani," alisema, na sauti ilikuwa imelowa. "Nimeweka gari hapa karibu na Ngome. Nijie mwanangu, nyumba siijui."

Nilikwenda mbio, kisha nikapunguza mwendo kwa sababu mtu haendi msibani akikimbia. Nikamkuta: mama mfupi, buibui nyeusi, leso mkononi. Tukaanza kutembea. Kutoka pale mpaka kwa Mzee Gaffar ni dakika kumi. Miezi miwili nilikuwa nikiomba dakika tano.

Katikati ya njia simu yake ikalia. Alikuwa naibu wake.

"Nasikia, nasikia. Yule wa Kiswahili ashaondoka, hilo nalijua. Nitafutie mwingine kabla ya Jumatano, popote. Januari siwezi kufungua shule bila mwalimu wa Kiswahili. Haya, niache, niko njiani kwa msiba."

Akakata. Akajifuta macho. Akaniambia, "Dunia haina hata huruma ya kumwachia mtu alie."

Kadi ilikuwa katika mfuko wa shati langu. Vidole viliigusa. Mdomo ulifunguka.

Nikasema, "Tahadhari hapo, mama, pana ngazi."

Ndivyo nilivyosema. Ngazi.

Mlangoni alivua viatu, akanigeukia. "Mola akulipe kheri. Wewe ni wa hapa nyumbani?"

"Rafiki wa Shahid," nikajibu.

Akaingia.

Jioni Mirriam alinisikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa kati ya midomo. Akaitoa.

"Hukumwambia?"

"Msibani, Mirriam? Mtu analia?"

"Na hilo daftari lenye watu themanini na wanane, uliliandika wapi? Sokoni?"

Nilimwambia tu kwamba mambo yana taratibu zake: Jumapili ni matanga, Jumatatu ni kisomo cha hitima, Jumanne mtu anaweza kupiga simu bila lawama, nayo Jumatano haijafika bado.

Jumanne nikapiga. Kilichotokea nimekwisha kukieleza.

Kwa kuwa sikuelewa, niliendelea na orodha. Daktari wa moyo alipokea papo hapo.

"Inna lillahi! Nani tena?"

"Hakuna mtu, daktari. Mimi naitwa..."

"Alhamdulillahi!" akasema, akakata kwa furaha.

Wakili wa kwanza hakupokea. Baadaye aliniandikia ujumbe: "Poleni sana. Niko kortini. Mazishi ni saa ngapi?"

Wa nne alinitumia dua ndefu. Wa tano akauliza kama kaburi limeshachimbwa. Yule wa bandarini alinijibu, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwamba mwezi huu amezika watatu na hana nguvu ya kusikia jina la nne.

Nililifunga daftari, nikaenda Ndia Kuu. Shahid alikuwa amefungua duka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimsimulia. Akamwomba binamu yake aliyekuwa dukani simu, akanitaka niipigie kwa simu yangu.

Niliipigia. Kwenye kioo cha binamu likatokea neno moja: Msiba.

Shahid alicheka mpaka akaegemea mashine. "Mung'aro! Mji mzima umekuandika Msiba! Ukimpigia mtu, yeye aona Msiba wamwita!"

Kisha kicheko kikamkauka. "Umempigia nani mwingine?"

"Bi Saliha."

"Ya Rabbi. Mamake yuko hospitali tangu Ijumaa."

Niliketi juu ya bunda la karatasi. Mtu anaweza kuyapanga maisha yake yote kwa rula, lakini hana namna ya kuingia katika simu ya mwenzake kufuta neno.

Jumatano nzima sikudiriki kupiga. Ningempigia, angeona neno lilelile. Ningetuma ujumbe, neno lingekuwa juu yake. Nilikwenda hadi Kizingo, bawabu akaniambia mkuu hayupo, alipata mshtuko jana. "Kuna mpumbavu mmoja alimpigia simu," akanieleza. "Ukimjua, mwalimu, tuletee."

Alhamisi Shahid alinipeleka mwenyewe. Safari hii lango lilifunguka bila swali, kwa kuwa Shahid ana wa kumtaja.

Bi Saliha alitutazama juu ya miwani. Shahid akaeleza. Yeye akacheka, akalia kidogo, akacheka tena.

"Naona Msiba waniita, na mamangu yuko kitandani. Ungekuwa wewe ungefanyaje, mwanangu?"

"Nisamehe, mama."

"Nimeshasamehe. Mamangu hajambo, alhamdulillahi. Sasa hiyo asubuhi ulikuwa wataka nini?"

"Nilikuwa naomba kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili."

Akaivua miwani.

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja, mama. Barua zangu nne ziko kwa bawabu wako."

"Wewe ulitembea na mimi kutoka Ngome mpaka mlangoni, ukanisikia nikimtafuta mwalimu wa Kiswahili kama maji, ukaninyamazia?"

"Niliona si adabu. Ulikuwa waenda msibani."

Alipanga kalamu zilizokuwa mezani, moja baada ya nyingine, ilhali zilikuwa zimepangika.

"Nafasi nimeitoa jana, kwa simu," akasema. "Nimempa binti mmoja, Umaima. Tulikaa mkeka mmoja siku ya hitima. Alininong'oneza kabla biriani haijaletwa. Akanambia Jumamosi alikuwa karibu arudi zake nyumbani, kapotea vichochoroni. Akapiga ile namba ya tanzia, akapata mtu muungwana, akamwelekeza mpaka mlangoni. Alimsifu sana mtu huyo."

Shahid alitazama dirishani.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari. Mstari wa hamsini na mbili. Umaima, mwalimu, Bondeni. Kwenye hatua inayofuata, kwa mwandiko wangu mzuri, niliandika: hakuna.

Nilimwona hana uzito.

Shule yetu ilifungwa Ijumaa iliyopita. Mirriam ameanza kuwarudishia wateja vitambaa ambavyo hajavishona, amevikunja, na kila kimoja amekibandika jina la mwenyewe.

Jana asubuhi simu ililia. Bi Saliha. Mamake alikuwa amefariki.

"Mwanangu, wewe ndiwe uliye na mpango," alisema kwa shida. "Ndugu zangu wote wamechanganyikiwa, na nyumba ya mamangu iko mlemle vichochoroni. Niweke namba yako kwenye tanzia?"

Mirriam alinitazama kutoka pale kwenye cherehani. Nami nilijua anachotaka niseme.

"Weka, mama," nikajibu. "Ila tafadhali, iwe pamoja na jina. Mwalimu Mung'aro. Mwalimu wa Kiswahili."

"Kwenye tanzia ya mamangu, mwanangu?"

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Basi namba peke yake, mama," nikasema. "Namba inatosha. Na poleni sana."

Nimewaandikieni haya nyinyi mnaoambiwa kila siku kwamba mtafute watu. Watafuteni, si vibaya. Lakini siku ile mtu anapokupa sikio lake kwa mara ya kwanza, mwambie wewe ni nani na wafanya kazi gani, kwa sentensi moja, kwa adabu, hata kama machozi yako karibu. Mtu hakuandiki kwa shida uliyo nayo. Anakuandika kwa siku aliyokujua, na neno hilo akishaliandika, kulifuta hakumo mikononi mwako. Tena usimpime mtu uzito kwa macho, kwa maana huenda yule uliyemwonyesha njia ndiye anayekwenda mahali ulipotaka kufika wewe.

Naomba radhi, niishie hapa. Kuna mtu amefika karibu na Ngome, na haijui nyumba.