Soksi Mbili za Mahindi

Juzi nilirudi Saboti, tukafungua jikoni kwa nyanya, kulikofungwa tangu tulipomzika. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, zilining'inia soksi mbili za shule, za kijivu, midomo imefungwa kwa kamba ya katani. Panya walishazitoboa wakamaliza kilichokuwamo. Binamu yangu alitaka kuzichoma. Nikamwambia ngoja.

Nawe ngoja, rafiki yangu. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, magoti ya nyanya yalikuwa yamelika. Asubuhi yalilia kama mlango wa ghala. Na sisi, kwa heshima tuliyofunzwa, hatukumwacha ainuke. Akitazama sufuria, imeletwa. Akiwaza maji, kikombe kiko mkononi. Kadiri tulivyomtumikia ndivyo miguu ilivyozidi kukonda, mpaka mjomba akaja kutoka Bungoma akasema, "Mama, Krismasi ikifika kama bado huwezi kuinuka mwenyewe, nitakupeleka kwangu mjini." Alisema kwa upendo. Lakini nyanya alilijua lile kochi la mjini, la kukalishwa kutwa nzima, na hakulitaka.

Hospitalini Lugulu, mama aliyefundisha wagonjwa mazoezi alimwambia kwamba msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Akae kitini, afunge uzito mguuni, anyooshe goti polepole, ashikilie, ateremshe. Kisha ajifunze kuinuka bila kushikwa. Uzito hatukuwa nao, ndipo soksi zangu zikajazwa mahindi. Akizizoea, anaongeza konzi.

"Na nyinyi," nyanya akatuambia, "kalieni mikono."

Tukaikalia kweli, kwenye benchi kando ya meko, moshi machoni, viazi vitamu vikinukia majivuni. Yeye akipambana na kigoda, mimi nilikuwa nikiwaza kila namna anavyoweza kuanguka: motoni, juu ya sufuria, kichalichali. Jirani alipita akatukuta hivyo.

"Ati watoto wazima mmekaa tu, mama ya watu anahangaika? Si muone aibu, bana."

Nyanya, akiwa nusu ameinuka, akamjibu, "Waache. Kazi yao ni ngumu kuliko yangu."

Kabla ya mavuno ghala lilikauka, tukachemsha uzito wenyewe na maharagwe. "Leo tunakula mguu wa kulia," alisema. Akajaza kokoto hadi mahindi mapya yalipovunwa, akinung'unika kwamba kokoto hazipikiki.

Krismasi mjomba akafika. Birika lilikuwa mekoni. Nyanya aliposogea ukingoni mwa kigoda, mjomba alinyoosha mkono, nami nikamvuta shati. "Mjomba, kalia mikono." Hakuna aliyecheka. Nyanya akainama mbele kama alivyofundishwa, magoti yakalia, akapanda taratibu hadi akasimama. Akammiminia chai. Mjomba alikunywa, kisha akauliza kama mbegu za msimu ujao zimeshapatikana.

Magoti hayakuwa mapya kamwe, lakini alipika kwenye meko yale hadi mwaka wake wa mwisho.

Sasa nimemaliza chuo, ninakaa kwa mama Kitale, nikingoja kazi. Kila mtu ananinyooshea mkono. Shangazi anajua mtu fulani, mama ananiuliza habari kabla sijanawa uso. Ni upendo, najua. Ila nalikumbuka benchi lile, watu waliokupenda wakitetemeka juu ya mikono yao wenyewe, wakikungoja usimame.