Msifu Hagisi

Kila Januari, kwenye karamu ya kumkumbuka mshairi wetu wa Uskoti, mzee huyu ndiye husimama kuighania shairi la sifa hagisi, tumbo la kondoo lililojazwa maini, kabla ya kuikata. Hupangusa kisu mara tatu kwenye mkono wa koti. Kiti cha kushoto kwake hataki kikaliwe, hata ukumbi ukifurika. Mwaka huu alisahau ubeti wa tatu, akaanza upya; akasahau tena, akaanza upya.

"Kata basi, mzee wangu!" Effie, mpishi wetu, alifoka. "Kondoo mwenyewe kachoka kusifiwa!"

Watu walicheka. Yeye alikigeukia kile kiti kitupu, akangoja. Nilifunga daftari langu la kumbukumbu za karamu kwa hasira, nikakikalia, nikamnong'oneza ubeti ule harakaharaka.

"Taratibu," akaniambia. "Mke wangu hakuwa na pupa hivyo."