Esansi ya Kubebea Baiskeli

Watu wa Wamaza wamenicheka kwa mambo mengi, lakini walilonicheka kuliko yote ni esansi. Ndivyo tunavyoiita petroli kwetu. Mimi hulipa pikipiki mbili kutoka hapa hadi mji wa Kasongo: moja inibebe mimi, nyingine ibebe baiskeli yangu. Ndiyo, baiskeli, chombo kilichoundwa ili kimbebe mtu. Inasafiri imelazwa juu ya pikipiki na kufungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Nikifika Kasongo naishusha, naipanda, naiendesha mpaka mikono ichoke, kisha tunaifunga tena na kurudi nyumbani. Sipeleki mawese wala sirudi na chumvi. Naenda kuendesha, basi.

Baiskeli yenyewe ina magurudumu matatu na huzungushwa kwa mikono. Miguu yangu ilipooza nikiwa mdogo, kabla sijajua kukimbia ni nini, na tangu hapo natembea kwa magongo. Lakini mikono Mungu hakuninyima. Kutwa nashona kwa cherehani ya mkono barazani kwangu: vitenge vya harusi, sare za shule, suruali za wachimba dhahabu zilizotoboka magotini. Kwa kazi hiyo niliinunua baiskeli hii kwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kasongo. Siku aliponikabidhi aliniambia niijaribu kwenye avenyu iliyopita mbele ya karakana yake, njia pana ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, yenye mteremko mdogo. Nilizungusha, ikaenda. Nikazungusha kwa nguvu zaidi, upepo ukaingia kwenye kitambaa changu cha kichwa ukakichukua. Nilikuwa mtu mzima tayari, na sikuwahi hata siku moja kupigwa na upepo niliousababisha mwenyewe. Sikukifuata kile kitambaa.

Nilipoileta Wamaza ilikwama kwenye mtaro wa kwanza. Njia zetu ni za pikipiki na za miguu, na miguu ndiyo ninayokosa. Mvua inachimba, jua linakausha yale mashimo, na mahali pasipo na mashimo pana mchanga. Ndani ya ua wangu naweza kwenda kutoka jikoni hadi mlangoni, kisha kugeuka. Watu wakasema niiuze. Wengine walisema kwa huruma, na hao ndio walioniudhi zaidi. Nikawaambia kama barabara haiji kwa baiskeli, baiskeli itaifuata barabara.

Ndipo nikaanza safari zangu, mara mojamoja, nikiwa nimeweka akiba. Shida ni kwamba esansi ya Wamaza si esansi ya Kasongo. Inatufikia ndani ya mabidoni, yale madumu ya plastiki, juu ya pikipiki ambazo nazo zinakunywa njia nzima ili zituletee kilichobaki. Dhahabu ikitoka vizuri upande wa Lusangi, mashine za kunyonya maji mashimoni zinaitaka yote, na bei inapanda. Mvua ikiharibu barabara, bei inapanda tena. Tena pikipiki iliyobeba mzigo mpana inapita matopeni kwa gia ya kwanza, na gia ya kwanza ina kiu. Ikafika wakati akiba ya cherehani haikutosha hata kwa safari moja. Nikangoja zamu yangu ya likelemba.

Likelemba yetu ni ya wanawake peke yao, Waislamu na Wakristo, kila mmoja anatoa fedha yake siku ya soko na mmoja anachukua zote. Ina sharti moja ambalo wageni hulistaajabia. Ukichukua, lazima ununue kitu kinachoonekana, kisha wanawake wote waje kwako wakiguse kwa mkono wa kuume. Tunapiga vigelegele, tunakula bugali na sombe ya majani ya mihogo, tunaondoka. Si mchezo. Kitu kilichoguswa hakiuzwi na mume wala hakichukuliwi na shemeji, kwa maana atakayekigusa ili akiondoe atajibizana na wanawake wote waliotia mkono. Nimeona mwanaume mwenye sauti kubwa akirudisha sufuria za mke wake asubuhi na mapema, kimya, ameinamisha kichwa. Na asiyeonyesha kitu anatolewa. Hapewi zamu nyingine tena.

Zamu yangu ilipofika nilisema mbele yao wote kwamba nitanunua esansi.

Mama presidenti wetu, mama mmoja mwuza chumvi ambaye hapandishi sauti kamwe, aliniuliza: "Esansi ya kuuza?"

"Ya kuunguza," nikajibu. "Nataka kwenda Kasongo kuendesha kinga yangu." Kinga kwetu ndiyo baiskeli.

Walicheka kwanza. Walipoona mimi sicheki, wakanyamaza. Aliyesimama alikuwa mama mukubwa wangu, dada mkubwa wa mama yangu, mtu ambaye sikumtarajia anitetee na hakunitetea.

"Huyu mutoto ni wa kwetu, ndiyo sababu mimi ndiye nitasema," alisema. "Nyumba yake iko na nyasi juu. Mabati haiko. Na yeye anataka kutupa feza yetu ndani ya moshi! Sisi tutagusa nini? Tutagusa moshi?"

"Wanaume wanaunguza esansi ya jenereta kila juma juu ya kuangalia mupira," nikasema. "Nani aliwauliza wanagusa nini?"

"Wale hawako ndani ya likelemba yetu," akajibu, na hapo watu wakacheka upande wake.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nikanunua esansi yangu siku ileile, nikaiweka ndani ya bidoni mbele ya mlango, nikawaita waje kugusa. Walikuja. Waliizunguka ile bidoni ya njano kana kwamba ni maiti wasiyemjua, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Mama presidenti aliinama akainusa, akainuka.

"Leo tukigusa, kesho haiko," alisema. "Ushuhuda wetu utakuwa juu ya nini? Mi siwezi kusema ndiyo, na siwezi kukutoa bila kuona. Mutu mumoja aende na wewe. Arudi atuambie kama iko kitu. Kama haiko, unatoka."

Kisha akamwonyesha mama mukubwa kwa kidole. Alimchagua yule mkali kuliko wote ili mtu asije kusema nilipendelewa. Mama mukubwa hakukataa. Alijifunga kitenge mara mbili akasema atakwenda kuona ujinga kwa macho yake.

Hivyo ndivyo tulivyoondoka mapema, mimi katikati, mama mukubwa nyuma yangu, dereva mbele, na pikipiki ya pili ikitufuata na baiskeli yangu mgongoni, magurudumu yamefunguliwa na kufungwa ubavuni. Nilijua nini kiko hatarini. Nikitolewa kwenye likelemba, cherehani peke yake haitanifikisha Kasongo tena, na baiskeli itakuwa kiti cha kuku uani. Na mtu aliyeshika hukumu alikuwa amenishika kiunoni, akiguna kila tuliporuka shimo.

Madereva walikuwa wamegawanya esansi yangu kwenye chupa za kuongezea njiani. Kila waliposimama kumimina, mama mukubwa alikuwa na la kusema. Chupa ya kwanza: "Ile ni chumvi." Chupa iliyofuata: "Ile ni kitenge, tena kizuri." Kwenye mlima mmoja wenye matope tulishuka wote. Pikipiki ya baiskeli ilinguruma ikitupa tope nyuma, dereva wangu akisukuma kwa bega, nami nimekaa juu ya jiwe na magongo yangu. Ilipofika juu ilikuwa karibu kukauka. Wakamimina tena. "Ile," akasema mama mukubwa kwa uchungu wa kweli, "ni bati ya nyumba yako, mutoto wangu. Mvua itakunyeshea na hutakuwa na jibu."

"Nitalowa," nikamwambia. "Nimeshalowa miaka yote."

Akakaza kitenge chake, akapanda tena pikipiki.

Kasongo tulilala kwa jamaa. Kulipokucha nikafunga magurudumu mwenyewe, kwa maana sitaki mtu mwingine aguse bolti zangu, na madereva wakaisukuma hadi kwenye avenyu. Mama mukubwa alisimama kando ya njia amefunga mikono kifuani. Watu walikuwa wakipita kwenda sokoni. Nikapanda, nikashika mikono ya chuma, nikaanza.

Siwezi kueleza vizuri, na sitaki kujitetea kwa kueleza. Anayetembea hajui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nadhani hata utamu wake huujui. Nikiwa na magongo, kila hatua naifikiria: jiwe lile, utelezi ule, mtu huyu anipishe. Juu ya ile avenyu sifikirii kitu. Nilikwenda hadi mwisho, nikageuka, nikarudi kwa kasi nikampita mama mukubwa karibu sana, na nilimwona akiruka nyuma. Nilicheka kwa sauti. Nilikwenda tena, na tena, na siombi radhi kwa chupa hata moja.

Mwishowe nikasimama mbele yake, jasho linanitiririka. Nyuma ya kiti changu fundi alitengeneza sanduku la kuwekea mizigo.

"Panda, mama mukubwa."

"Mimi muzee? Watu wataniona."

"Umetumwa kuona. Utaona nini ukisimama kando?"

Alitazama huku na huku, akakusanya kitenge chake, akapanda akinung'unika. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Niliposukuma mara ya kwanza baiskeli haikusogea. Nikapumua, nikasukuma kwa mgongo wote. Ikasogea. Kisha mteremko ukatupokea.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mama mukubwa. Shule ilikuwa mbali, na mama yangu alipokuwa shambani, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, kwenda na kurudi. Alinibeba hadi nilipokuwa mkubwa wa kuona haya, miguu yangu ikining'inia karibu kugusa mavumbi, na watoto wakituimbia nyuma. Hakuwahi kuniambia kwamba mgongo unamuuma. Nilijua, kwa sababu jioni alikuwa akilala chini juu ya mkeka bila kusema na mtu. Sasa alikuwa nyuma yangu, mikono yake imenizunguka, na upepo unampiga usoni, na mimi ndiye ninayemkimbiza.

"Polepole! Utaniua!" alipiga kelele. Sikupunguza. Kelele zake zikageuka zikawa kicheko, kicheko cha msichana ambacho sikukijua, na watu wa sokoni wakasimama kututazama. Njia ilipoisha nilisimamisha. Nyuma yangu nilimsikia akivuta pumzi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia mpaka vidole vyangu vikatoka malengelenge.

Njiani kurudi, kwenye mlima uleule wa matope, dereva alifungua chupa ya mwisho, kisha akasita akimtazama mama mukubwa, akingoja aambiwe hiki ni kitu gani.

"Mimina," akamwambia. "Unaniangalia nini?"

Siku ya soko wanawake walikusanyika uani kwangu. Sikupika bugali, kwa maana sikujua kama ni karamu au msiba. Baiskeli ilikuwa pale na tope lake lote. Bidoni ilikuwa imelala pembeni, tupu, kifuniko wazi. Mama presidenti akamwambia mama mukubwa aseme alichokigusa.

"Mimi sikugusa kitu," alisema mama mukubwa.

Nikainamisha kichwa. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Si nilisema?"

"Sikugusa, sababu nilibebwa," akaendelea. "Ninyi wote munajua nani alibeba huyu mutoto. Munajua hii mugongo. Tangu nizaliwe mimi nabeba: kuni, mihogo, watoto, maji, maiti. Nani kati yenu alishaniona juu ya kitu, mutu mwingine akivuta? Yeye alinibeba, na mikono yake, mbele ya watu wa Kasongo. Ile esansi haikuungua. Mimi najua pahali iko."

Mama presidenti alitazama bidoni, akatazama baiskeli, akaja taratibu hadi nilipokaa. Nilidhani ataniambia nitoke. Badala yake alinipandisha mkono wa gauni, akaweka kiganja chake cha kuume juu ya mkono wangu, hapa chini ya bega, akaubonyeza kama mtu anayepima kitambaa. Akasogea kando, akampisha wa pili. Wakaja mmoja mmoja, hata yule wa "si nilisema", na kila mmoja akatia mkono. Mama mukubwa alikuwa wa mwisho, na ndiye aliyepiga kigelegele.

Paa langu bado ni la nyasi, na mvua ikinyesha kwa upepo nasogeza cherehani. Esansi imepanda tena mwezi huu, nami naweka akiba tena. Wakati mwingine kaka zangu wanakuja kunishauri niiuze baiskeli, wanakaa vizuri kabisa kwenye kiti changu na kuniambia kwamba nimeichezea vya kutosha. Nawaandalia chai. Wakimaliza kuinywa nawaambia mkono unaoiendesha umekwisha kuguswa, na anayetaka kuiondoa baiskeli aanze kwa kumwuliza mama mukubwa.