Kona ya Shangazi Botini

Usimwone Kapteni Pole kimya pale gatini ukadhani hana la kusema. Analo, ila hajui aanzie wapi: atamwambiaje Shangazi kwamba kiti chake kinachukuliwa?

Ngoja nieleze. Boti ya Kapteni Pole haina haraka, na mwenyewe jina hilo alipewa kwa sababu hiyo hiyo. Kazi yake ni kutengeneza wimbi. Inakwenda taratibu ziwani, imelalia upande wa kushoto nyuma, na wimbi linainuka nyuma yake. Binti wa Kapteni anasimama juu ya ubao akivutwa na boti kwa kamba, kisha anaiachia kamba, anateleza kwenye wimbi hilo kama yuko sebuleni kwao. Ila boti nyepesi haitoi wimbi. Inataka farumi, yaani uzito wa kuididimiza majini. Wenye uwezo wanaweka mifuko ya maji. Kapteni Pole alimweka Shangazi.

Usicheke! Shangazi huyo, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea, na alikuwa mwanamke wa miraba minne hasa. Akikanyaga boti, boti inampigia magoti. "Mnaona?" husema akijiweka kwenye kona yake. "Hata chombo kina adabu kuliko nyie." Kila Jumamosi yuko pale na mto wake na chupa ya chai, akimpigia binti vigelegele. Tangu afiwe na mumewe, siku nyingine zote ni za kungojea Jumamosi tu.

Sasa msimu huu wimbi limelegea. Binti anaachia kamba, haendi mbali, chubwi! Kapteni akasugua propela, akabadilisha mafuta, akaitolea injini maneno yasiyosemwa mbele ya wakwe. Wapi! Ndipo akamwita fundi wa boti, mtani wake wa siku nyingi.

Fundi alitandaza mfuko mkubwa mtupu juu ya benchi la nyuma. "Vyuma vya kuongeza uzito achana navyo," alisema. "Siku ya upepo utavishushaje katikati ya ziwa? Chukua mfuko wa maji na pampu. Unajaza, unamwaga. Uweke hapa, kona ya kushoto."

"Hapo anakaa Shangazi."

"Basi Shangazi apumzike. Mtu si gunia, kaka."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Thubutu! Ukoo wenu huo." Fundi akajikuna kidevu. "Lakini hebu niambie. Mwaka jana wimbi lilikuwa zuri. Nini kimebadilika?"

"Hakuna. Injini ile ile, watu wale wale."

Hajamaliza, Shangazi mwenyewe huyo anateremka na mto wake kwapani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nishike mkono."

Akamshika. Shangazi akaingia botini.

Boti haikupiga magoti. Hata kutikisika haikutikisika.

Kapteni hakuuachia ule mkono. Ulikuwa mwembamba, bangili imeteleza hadi karibu na kiwiko. Gauni limekunjwa kiunoni na kubanwa kwa pini. Jamani, mtu unakula naye, unacheka naye, na macho unayo! Msimu mzima amechunguza propela, asimtazame shangazi yake. Aibu ikamshika, na hofu juu yake.

"Shangazi, unaumwa?"

"Nani kasema?" Akageukia majini. "Tumbo tu. Chakula hakikai. Nilijua nikisema mtanifungia nyumbani, na Jumamosi yangu ndiyo imekwenda."

Fundi akaanza kuukunja ule mfuko bila kuambiwa.

"Leta mdogo," Kapteni akamwambia. "Ule unaoingia chini ya benchi."

"Mdogo wimbi lake si kubwa vile, kaka. Usije ukanilaumu."

"Binti ataridhika nalo. Benchi lina mwenyewe." Kisha akainama mbele ya Shangazi. "Na Jumatatu tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Usinibishie."

Shangazi hakubisha, naye ni mtu wa kubishia hata redio. Aliweka mto wake kwenye kona, akaukalia, akamtazama fundi anavyopima nafasi chini ya miguu yake.

"Huo mfuko wenu," alisema mwishowe, "nikinenepa tena, mtaumwaga?"

"Wote, Shangazi," Kapteni akajibu. "Mpaka tone la mwisho."